Kipanga Njia na Kuta za Saruji

Ruta, wanaotafsiri programu za kompyuta wameiita kipanga njia. Jina hilo nalipenda, ila katika nyumba yetu ya Lugoba njia zenyewe zilizibwa na kuta za matofali ya saruji. Shangazi, ambaye sauti yake yazidi kufifia, hughani chumba cha nyuma, nami nilitaka rekodi zake ziwafikie malenga wenzangu akiwa hai.

Sikununua ruta nyingine. Hii tuliyo nayo hurusha masafa mawili: gigahezi 2.4, yafikayo mbali na kupenya kuta, na gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini huchoka upesi ukutani. (Neno masafa, ambalo asili yake ni umbali, leo lahesabu pia mitetemo kwa sekunde, washairi tulitumie kwa hadhari.) Nikaitoa nyuma ya runinga, nikaitundika juu ukumbini, kisha nikavuta waya hadi kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma. Waya haujali ukuta. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 kwa kuvuka bahari. Kwetu zilikuwa zimesalia hatua kumi.

Jana Shangazi aliuliza kama wa Mombasa wamemsikia. Nikamjibu kuwa wameleta beti tatu. Akataka nimsomee tena ule wa pili.