Gari la Kwenda kwa Mama

Atokaye Mombo kwenda Lushoto hupanda kilomita 33 za lami nyembamba, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, na masikio humziba kabla hajafika Soni. Wajerumani waliupenda mji wa Lushoto kwa baridi yake, wakauita Wilhelmstal. Sisi twaupenda kwa sababu nyingine: ukifika hapo, safari ya kwenda kwa mama imebaki kilomita 60 hivi. Mama yetu anaishi Mtae, ukingoni kabisa mwa Milima ya Usambara, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na chini yake hutandaa nyika ya Mkomazi. Siku isiyo na ukungu mtu huona milima ya Upare, na akibahatika huuona na Mlima Kilimanjaro.

Safari hii tulikwenda na jambo jingine zaidi ya kumjulia hali. Masika yaliyopita mama aliugua kifua, mvua ikaiporomosha barabara, akafikishwa hospitali ya wilaya Lushoto siku ya tatu. Alhamdulillah, alipona. Lakini tangu hapo hakuna hata mmoja kati yetu, sisi watoto wake tunaoishi Dar es Salaam, alalaye vizuri mvua inapopiga bati. Basi tukakubaliana kununua gari la njia mbovu, refu, lenye kuvuta magurudumu yote manne, ili masika yasitutenge naye tena. Fedha hatukuwa nazo. Mmoja wetu alikwisha kuleta fomu za mkopo, na sote tukajifanya hatuuoni mstari unaotaja riba.

Gari letu dogo tuliliacha Lushoto kwa jamaa, tukapanda basi la Mtae. Lilikuwa basi kuukuu, limejaa magunia matupu, madumu ya mafuta, na kuku wawili wasiokuwa na mwenyewe mpaka utingo alipotaka kuwatoza nauli. Tulisoma dua ya kupanda chombo, na mwanafunzi mmoja wa madrasa nyuma yetu akaitikia amina kwa sauti kutupita sisi. Lami ilipotuacha tukaingia katika udongo mwekundu, na usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni. Basi likaupanda. Ndipo mdogo wetu, ambaye kwa miezi miwili alikuwa akituhubiria habari za magurudumu manne, alipomwuliza utingo kama basi lile linavuta yote manne.

"Linavuta ya nyuma tu, kaka," akajibu utingo, "na abiria wakishuka kusukuma, linavuta arobaini."

Hatukucheka sana, kwa kuwa kabla ya Lukozi tulishuka, tukasukuma.

Lukozi ni soko la mboga. Malori hupakia pale kabichi, karoti na viazi vinavyoliwa Dar es Salaam, na mengi ya malori hayo, kama basi letu, huvuta kwa nyuma tu. Tulisali hapo Adhuhuri na Alasiri, tukapunguza na kukusanya, kisha tukamkuta dereva wetu akikagua tairi moja baada ya nyingine kwa kidole, kama mtu apimaye kina cha maji. Tulimpa salamu, tukamweleza nia yetu.

"Watu wa Dar huniuliza gari gani linapanda," alisema. "Hakuna aniulizaye gari gani linashuka."

Maneno hayo yalitukaa. Magurudumu manne yenye kuvuta humsaidia mtu kuondoka katika tope. Kusimama hayamsaidii, maana kila gari, hata teksi ya mjini, lina breki katika magurudumu yote manne. Kwenye mteremko wa utelezi dereva huizuia gari kwa injini, na hapo ndipo ifaapo ile gia nzito ya ziada, inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu, ambayo magari ya kweli ya milimani huwa nayo na magari yanayofanana nayo kwa sura huwa hayana. Baada ya hiyo, alisema dereva, tazama tairi, maana nguvu yote ya injini hupita mahali hapo penye upana wa kiganja. Kisha tazama tumbo la gari liko juu kiasi gani kutoka ardhini. Akatuonya pia kwamba gari refu ni jepesi kupinduka, na kwamba wanaopinduka aghalabu ni wale waliokwisha kuamini kuwa gari lao haliwezi kushindwa.

Orodha yetu ilianza kupukutika tungali njiani. Harrier tuliyoipenda kwa umbo, nyingi zake huvuta kwa mbele tu. Muuzaji hasemi, na mnunuzi akiuona urefu wake hudhani mengine yamo. RAV4, hata ile yenye kuvuta manne, haina ile gia nzito. Suzuki Jimny inayo, na chesisi yake ni imara, lakini ina viti vinne, na mgonjwa hana pa kujinyoosha. Prado ingetufaa kwa mengi. Ila injini yake imezidi cc 2000, na gari likizidi ukubwa huo ushuru hupanda. Likiwa na umri unaozidi miaka 8 hupanda tena. Na tukimaliza kulipa yote hayo, spea zake hatutazipata Mtae, tutazifuata Gerezani. Katika Hadithi iliyopokewa na Saad bin Abi Waqqas, kipando kizuri kimetajwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mja, na kipando kibaya miongoni mwa mambo ya dhiki yake. Tulikuwa tukiitaja Hadithi hiyo mara nyingi katika mipango yetu, nusu yake ya kwanza.

Tulifika Mtae jua likiwa linazama upande wa nyika. Mama alitupokea kwa makande na maswali ya kila mjukuu kwa jina lake. Baada ya Isha tukamwambia habari ya gari. Alisikiliza mpaka mwisho, hata habari za gia, kisha akauliza:

"Gari hilo, wanangu, litalala wapi?"

"Dar es Salaam, mama."

"Na mimi ninalala wapi?"

Hapana aliyejibu. Tulikuwa tumeuliza kuhusu injini, rangi, bei, hata redio. Swali hilo hakuna aliyeliuliza. Mama akatukumbusha, bila lawama, namna alivyoteremshwa masika yale: vijana wa msikiti walimbeba kwa kitanda wakapita naye mahali palipoporomoka, na upande wa pili lori la kabichi likamchukua hadi Lushoto. Gari letu la ndoto, lingekuwapo siku ile, lingekuwa Ubungo katika foleni, na lingehitaji siku nzima kufika kwenye udongo ule ulioporomoka, likasimama hapo hapo lori liliposimama.

Tulipolala wazee na watoto, sisi tulibaki na shura yetu karibu na jiko. Tuliziandika siku tunazokuja Mtae kwa mwaka: Idi moja, na likizo ya Desemba. Siku zilizobaki gari lile lingekunywa mafuta mjini kwa kwenda kazini na kurudi. Kaka yetu mkubwa alishika hoja ya dharura, akisema maradhi ya mzazi huhalalisha kilichokatazwa. Dada akamjibu kuwa dharura hukadiriwa kwa kadiri yake, na hakuna dharura ya kukopa kwa riba kununua kitu ambacho siku ya dharura hakitakuwapo. Tulizungumza juu ya murabaha, ambapo benki hulinunua gari, likawa mali yake, ndipo ikuuzie kwa bei na faida inayojulikana tangu mwanzo. Nchini kwetu Amana Bank inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu tangu 2011. Ni njia ya halali. Hata hivyo deni la halali nalo ni deni, na wawili kati yetu wana watoto wanaolipiwa ada. Saa ya daku ilitukuta tungali tunabishana, ingawa hatukuwa tumefunga.

Tulichoafikiana si kikubwa. Tutachanga kwa muda bila kukopa, tununue Land Cruiser kuukuu ya milango ya nyuma, iliyokaguliwa chesisi kwa chini na fundi wetu sisi, si fundi wa muuzaji. Litalala Mtae. Binamu yetu aliye dereva huko atalitumia kiangazi kubeba mboga hadi Lukozi, lijilipie tairi na mafuta yake, na masika litamsubiri mama, na mgonjwa mwingine yeyote wa kijiji. Hisa za kila mmoja tumeziandika mbele ya mashahidi wawili, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara kuandika madeni, maana ndugu wengi wamegombana kwa vyombo vya shirika kuliko kwa mashamba. Fomu za mkopo hazikutiwa saini.

Asubuhi yake jirani alituruhusu tumpandishe mama katika Land Cruiser yake, tuone. Mguu haukufika. Magoti yake hayakunji tena hivyo, na tulipomwinua wawili wawili alicheka hadi mtandio ukaanguka. Siku hiyo hiyo alimwita fundi seremala, akampimia urefu kwa mkono wake mwenyewe. Kigoda chake kipo tayari karibu na mlango. Gari, insha Allah, tunaendelea kulichangia.