Tulipojifunza Kilatini Kasapa

Kijana mmoja wa parokia yetu, anayemaliza masomo ya sekondari katika mkondo wa Kilatini na Falsafa, alitusimamisha mlangoni pa kanisa baada ya Misa, akatuuliza: "Wazee wangu, yafaa niendelee na Kilatini huko Chuo Kikuu? Nyumbani wasema ni lugha ya wafu." Hatukumjibu papo hapo, maana mvua ilikuwa karibu. Leo twamjibu kwa kuandika, wala hatumpi shauri. Twamweleza tu yaliyotupata sisi wenyewe.

Katika mwaka wa masomo 1974-1975 tulikuwa wanafunzi wanne wa vyumba jirani huko Kasapa, nje kidogo ya mji wa Lubumbashi. Chuo kile kilifunguliwa 1956, mji ulipokuwa ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya lugha na fasihi yakawekwa kwetu; tangu 1981 chaitwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Siku zile alifundisha hapo Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, ambaye mwaka 1976 alitoa kitabu juu ya jinsia ya maneno ya Kifaransa yatokayo katika Kilatini. Baadaye alifundisha miaka mingi Marekani, na huko alifariki Aprili 2025. Twamtaja kwa sababu watu hudhani kwamba Kilatini cha Katanga kilikuwa cha mapadre tu. Ni kweli, yeye naye alipitia kwa Wabenedikto.

Mali yetu kuu ilikuwa kamusi moja ya Gaffiot, ile kubwa iliyotolewa Ufaransa 1934, tuliyoinunua kwa kuchanga. Jioni tulikaa nayo chini ya kichuguu kikubwa, maana Kasapa ina vichuguu vilivyo virefu kuliko nyumba, tukaipokezana kama wavutaji wapokezanavyo kiko. Jambo moja lilituchekesha. Tangu 1972 serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu ya ubatizo, hata sisi wenyewe tulikuwa tumeyaacha yetu. Lakini kila siku tulimwandika Petrus akimwona Paulus. Hao wawili waliruhusiwa kuishi katika sarufi.

Na tuseme wazi: mtoto wa Kiswahili haingii katika Kilatini mikono mitupu. Kifaransa chataka neno dogo mbele ya kila jina. Kilatini hakitaki, wala Kiswahili. Sisi twasema mtoto mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri, na aliyezoea ngeli zote hizo hawezi kushtuka aambiwapo kwamba katika Kilatini sifa yabadilika mara tatu, bonus, bona, bonum. Tena tazameni kitenzi. Kwetu "anakuja" hugeuka "aje" kwa irabu ya mwisho. Kwao venit hugeuka veniat. Mwalimu alipoeleza jambo hilo kwa Kifaransa, wenzetu wengine walikunja uso. Sisi tulilijua tangu mgongoni mwa mama.

Lakini palipo na msaada ndipo pana mtego. Mswahili husema "anaomba aje" na pia "aliomba aje". Hiyo "aje" haijali kama kuomba ni kwa leo au kwa jana. Kilatini chajali sana: rogat ut veniat, lakini rogavit ut veniret. Kitenzi cha kwanza kikienda jana, cha pili hakina ruhusa ya kubaki leo. Kanuni hiyo tuliikariri hata usingizini. Ukaja mtihani wa Juni, siku za baridi, tukapewa ukurasa wa Kifaransa tuutie katika Kilatini safi, kwa namna ya Cicero. Tuliandika kwa furaha, huku kichwani twasikia Kiswahili, na Kiswahili kikatuambia kila mara kwamba "aje" ni "aje". Karatasi ziliporudi, kosa lile lile lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu mara tisa katika karatasi moja. Tulipata 6, 7, 7 na 8 juu ya 20. Wote wanne tulirudishwa kwenye mtihani wa pili, mwezi wa Septemba, na tulijua kwamba atakayeanguka tena atafunga sanduku lake.

Likizo ile tulikaa Katuba, nyumbani kwa mmoja wetu. Baba yake alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya tanuru za shaba, mtu wa maneno machache. Tangu ujana wake alikuwa ameimba katika kwaya ya parokia, na Kilatini cha Misa alikijua chote kwa moyo, kutoka Kyrie hata Agnus Dei. Baada ya Mtaguso, Misa ilipoanza kusomwa kwa Kiswahili, hakunung'unika. Lakini alfajiri alipokuwa akioga uani, alikuwa akiimba Credo yote peke yake, na sauti yake ilipita ukuta.

Usiku mmoja, bukari ilipokwisha kuliwa, alituambia: "Wanangu, miaka thelathini nimeimba maneno yale. Maana yake kwa jumla naijua, kwani tuna Nasadiki. Lakini neno kwa neno, hakuna aliyenifungulia. Ninyi ni watu wa Kasapa. Nifungulieni."

Tulijiweka sawa kama madaktari. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye neno descendit, nasi tukasema kwa sauti moja: "Anashuka." Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa: "Anashuka leo? Katika Kiswahili twasema alishuka." Tukaanza kumweleza kwamba tafsiri hutofautiana, na mengineyo ambayo sasa twaona haya kuyakumbuka. Mwanawe alifungua Gaffiot ili kumaliza ubishi. Ubishi ulimalizika. Kitenzi kile ni cha namna ya pekee: umbo lake la sasa na umbo lake la zamani ni moja, halitofautiani hata kwa herufi, hata kwa urefu wa sauti. Katika venit, angalau, e fupi ni "anakuja" na e ndefu ni "alikuja". Nao wenzetu waliozaliwa katika Kibemba, ambamo kurefusha irabu kwaweza kugeuza maana, walisikia tofauti hiyo upesi kuliko sisi sote. Lakini descendit haina alama yoyote. Msomaji hana budi kutazama majirani zake, na kitendo kinachofuata katika Credo ni cha wakati uliopita. Mzee alikuwa na haki.

Hakutucheka. Alisema: "Ninyi mwatazama neno moja moja, kama mtu ahesabuye mawe. Mimi siwezi kuimba neno moja. Naimba mpaka pumzi iishe."

Kesho yake tuliacha kukariri majedwali. Tulianza kusoma kwa sauti, sentensi nzima nzima, kurasa za Caesar na za Tito Livio, mpaka pumzi iishe, na mzee alikaa karibu akishona viatu vyake. Tulipotunga, hatukuandika kitenzi cha pili kabla ya kutamka cha kwanza kwa kinywa. Rogavit... veniret. Ndipo sikio lilianza kukataa lile kosa kabla ya jicho kuliona. Baadaye tulisoma kwamba hata Mtakatifu Augustino, Mwafrika mzaliwa wa Tagaste mwaka 354, alichukia Kigiriki alichopigiwa shuleni, bali Kilatini alikipata pasipo fimbo, kwa kusikia walezi wake wakicheka na kuzungumza naye. Laiti tungalikuwa tumemsoma mapema! Lakini mzee wa Katuba alikuwa ametuambia jambo lile lile bila kitabu.

Septemba ilifika na joto lake. Katika ukurasa wa kusoma palikuwa na ostendit, ndugu ya descendit, nasi tulitabasamu kimya kimya. Wawili walipata 12, mmoja 11. Wa nne alipata 9, na 10 ndiyo ilikuwa mlango. Huyo wa nne alikuwa mwana wa mzee.

Tulimsindikiza hadi Katuba, njia nzima bila maneno. Tuliogopa uso wa baba yake kuliko uso wa mwalimu yeyote. Mzee alipokea sanduku, akaliweka ndani, akauliza kama tumekula. Mwenzetu alikwenda kufundisha katika shule ya msingi, akafundisha humo mpaka alipozeeka, Kifaransa na hesabu. Kilatini hakikuwamo katika ratiba yake hata saa moja.

Siku ile, kabla ya kurudi Kasapa, sisi watatu tulikubaliana bila kushauriana sana kwamba Gaffiot ibaki kwake. Alikataa. Mzee ndiye aliyeipokea, akasema ataitunza kwa sababu mna descendit ndani yake. Sasa mzee amekwisha kufa, na kamusi ingalimo katika nyumba ile, juu ya kabati, haina jalada tena. Kijana aliyetuuliza tumemwelekeza njia. Akifika na abishe hodi, aombe kuonyeshwa ukurasa wa herufi D. Mwenye nyumba atajua ni nani waliomtuma.