Chai, Damu na Utafiti wa Mwanafunzi Wetu

Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu za wanawake mtaani kwetu: eti utafiti umethibitisha kuwa chai inamaliza damu, na anayeacha chai hana haja ya vidonge. Utafiti unaotajwa ulifanyika katika duka letu la ushoni na mengine ya jirani, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliochomwa vidole. Tunaona ni haki yenu kujua ulisema nini na nini haukusema.

Aliyeufanya ni msichana anayesomea uuguzi, anayetakiwa na chuo chake kufanya utafiti mdogo kabla ya kumaliza. Alitaka kujua kama mafundi wanawake wanaokunywa chai pamoja na chakula wana damu pungufu kuliko wanaongoja chakula kishuke. Swali lake lilikuwa la maana. Chai ina vitu vinavyouzuia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale yanayotoka kwenye mboga, kunde na nafaka. Na sisi mafundi mnatujua: asubuhi chai na maandazi, saa kumi chai tena, cherehani haisimami.

Kwanza alitusomea karatasi ya ridhaa. Alisema anayetaka kukataa akatae bila kutoa sababu, na majina yetu hayataandikwa. Mmoja wetu alikataa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Sisi wenye duka ni wawili, na zamu ya wafanyakazi wetu ilipofika tulitoka nje. Mtu hawezi kusema kweli kuhusu njaa na uchovu huku mwajiri wake amemkalia mbele.

Mwanzoni alipanga kuanza Ramadhani. Bi mkubwa anayetupigia pasi akamwambia, "Mwanangu, ukituuliza mwezi huu utaandika chai ya futari na daku. Hiyo si chai yetu ya mwaka mzima." Msichana akacheka, akashukuru, akarudi baada ya Idi.

Jambo tulilolipenda zaidi ni kwamba alirudi kutusomea majibu. Wengi wanaokuja kutuuliza maswali huondoka nayo moja kwa moja. Yeye alikaa juu ya gunia la vitambaa, akasema waliokunywa chai na chakula walionekana kuwa na damu pungufu kidogo. Kisha akasema, "Sasa dada zangu, nisaidieni kuukosoa."

Tulianza na idadi. Hatukufika watu 30. Tuseme wanywaji chai ni 10 na wenye damu pungufu kati yao ni 6. Wawili tu wangepima tofauti siku ile, 6 ingekuwa 4, na habari yote ingebadilika. Kwa watu wachache, bahati ina nguvu kubwa.

Halafu tukauliza nani alijitokeza. Kipimo kilikuwa cha bure, na wenye kizunguzungu ndio waliokimbilia mbele. Wazima wengi walisema wana kazi za watu za kumaliza. Kwa hiyo kundi lile haliwezi kuwasemea mafundi wote wa kisiwa, seuze wanawake wote.

Swali zito lilitoka kwa fundi wetu wa mabaibui. Alisema asiye na samaki wala mchuzi ndiye anayeshushia mkate kwa chai. Je, damu yake imepungua kwa sababu ya chai, au kwa sababu chai ndiyo iliyokuwa kitoweo? Msichana aliandika neno kwa neno. Dodoso lake liliuliza vikombe vya chai, halikuuliza sahani ina nini. Halikuuliza pia hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, minyoo wala malaria, na yote haya hupunguza damu.

Sisi tulimwelewa kwa tepu ya kupimia. Mkono ukitetemeka, leo kiuno utapata inchi 30, kesho 31, na ukipima mara nyingi utaukaribia ukweli. Lakini tepu iliyovutika kwa uzee ikipimwa mara 100 itakosea mara 100, upande ule ule. Kuongeza watu hutibu mkono unaotetemeka. Tepu iliyovutika dawa yake ni kubadilisha tepu, yaani kuuliza vizuri zaidi na kuchagua watu kwa haki.

Hatusemi utafiti mdogo ni upuuzi. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi ikapewa kitu chake. Waliokula machungwa na malimau walipata nafuu haraka. Lakini Lind mwenyewe ndiye aliyeamua nani apewe nini. Msichana wetu alituuliza tu tunavyoishi, akatupima mara moja. Utafiti wa namna hiyo unafungua swali, haulifungi.

Tunayaandika haya kwa sababu mmoja wa wanaojifunza ushoni kwetu ni mjamzito. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11, na yeye alikuwa chini ya hapo. Kliniki walimpa vidonge vya madini ya chuma. Ujumbe ule ulipomfikia mkwewe, akaambiwa aache chai na vidonge aviweke kabatini. Aliacha siku kumi, hadi alipolazimika kukaa chini katikati ya kukata kitambaa. Tulimsindikiza kliniki siku ile ile. Muuguzi alimwambia aendelee na vidonge, avimeze kwa maji, na chai ainywe baadaye, mbali na chakula na dawa. Mkwewe alikwenda naye safari iliyofuata, akasikia kwa masikio yake.

Suratul Hujurat inatufundisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Basi ujumbe wa afya ukikufikia, mama, uliza: waliulizwa watu wangapi, na walipatikana vipi? Kuna sababu nyingine iliyojificha? Na aliyefanya utafiti amesema hivyo, au ameongezewa maneno njiani? Ukikosa majibu, usiutume mbele, na dawa ya kliniki usiiache mpaka uulize kliniki.

Msichana wetu ameyaandika maneno ya mafundi katika sehemu ya mapungufu ya kazi yake. Allah amfungulie njia, amjaalie na dada yetu ajifungue salama. Amin.