Mlango wa Juu

Mama mdogo anauza samaki wa Bwawa la Mtera hapa Dodoma. Friji hana, ana sanduku la mbao na barafu. Barafu ikiisha kabla ya jioni, mtaji nao umekwenda. Basi akaniambia, "Mwanangu, wewe si umesoma? Nichoree mlango."

Wengi wangeuweka mbele kama wa kabati, eti ndio wa kisasa. Lakini hewa baridi ni nzito, ndugu msomaji. Ukifungua mbele inamwagika miguuni. Ukifungua juu inabaki chini na samaki wake. Ndiyo maana friji nyingi za chanjo, zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, hufunguliwa kwa juu.

Nikachora mfuniko: mbao mbili nyembamba, katikati yale mapovu meupe magumu yanayofungiwa televisheni dukani, pembeni mpira. Fundi akasifu unene. Mimi nikabana karatasi ukingoni, nikaivuta. Ikichomoka kirahisi, bwana, hewa nayo inapita, na unene wote ule ni kazi bure. Pande tatu iling'ang'ania. Upande wa nne tukaongeza mpira.

Jioni mama mdogo akafunua, akapitisha mkono chini ya samaki.

"Mabonge bado yapo," akasema.