Siku nne Goma, na samaki aliyebaki Bukavu

Wamama, safari ya Goma tunajua kuifunga. Mwenye kwenda siku nne anapanga vitenge vyake, anaacha unga na makala ya kutosha, anatafuta mtu wa kulala nyumbani. Kuku wataokota. Paka atajitafutia. Lakini siku hizi katika nyumba kadhaa za Bukavu kuna mgeni asiyeweza kujitafutia kitu: samaki mdogo wa rangi ya dhahabu, ndani ya chombo cha kioo juu ya meza. Wenye kusema Kifaransa wanamwita samaki mwekundu, ijapokuwa rangi yake ni ya chungwa lililoiva. Asili yake ni China, ambako watu wanamfuga tangu zaidi ya miaka 1,000.

Kwetu aliletwa na mjomba, zawadi kwa kitinda mimba wangu wa miaka saba. Basi tukaitwa Goma kwa mahari ya binti wa mama mkubwa, kutoka Alhamisi hadi Jumapili, na mtoto akakataa kufunga begi lake. Si kwamba aliogopa ziwa. Aliniuliza: “Mama, tutarudi kweli?” Mtoto huyu amekwisha kukimbia nyumba mara moja, usiku, bila kuaga kitu. Tuliporudi hapakuwa na kuku wala sufuria. Kwake, kuacha kitu ni kukipoteza. Wamama wa huku mnanielewa, sina haja ya kueleza zaidi. Nilitaka aone safari ya namna nyingine, ile yenye siku ya kwenda na siku ya kurudi, na samaki akawa sababu nzuri.

Tulianza Jumanne. Tulijaza ndoo maji ya robine, tukaiacha wazi mpaka kesho yake, kwa sababu klorini inayotufaa sisi inamwunguza samaki mashavu anayopumulia. Ikikaa wazi siku nzima, inatoka yenyewe. Jumatano tulichota robo ya maji ya zamani na kumimina mapya polepole. Robo tu. Ukibadilisha maji yote kwa mara moja, samaki anashituka na anaweza kufa. Wala usifanye kazi hiyo asubuhi ya safari: kitu kikiharibika, wewe uko katikati ya ziwa.

Chombo tulikiweka mbali na dirisha lenye jua, mbali pia na moshi wa jikoni na dawa ya kupulizia mbu. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na baridi yetu inampendeza samaki huyu. Hahitaji kupashiwa maji. Wenye kifaa cha kupuliza hewa wanajua umeme unaweza kukatika wakati wowote. Kwa hiyo chombo chenye mdomo mpana ni bora kuliko kile chembamba cha kupendeza macho. Hewa inaingia kwa juu, pale maji yanapokutana na upepo. Tulifunika na kipande cha chandarua, paka asijaribu bahati yake.

Sasa chakula, na hapa ndipo samaki wengi wanapofia. Wanakufa kwa kulishwa na watu wenye huruma. Samaki huyu hana mfuko wa tumbo kama wetu, chakula kinapita moja kwa moja katika utumbo, naye anaomba kila mara anapoona mtu. Jirani anamhurumia, anatia chakula kidogo. Watoto wa jirani wanatia mkate. Shemeji anapita, anatia bugali. Kisichoilwa kinaoza chini, kinatoa amonia, na maji yanageuka sumu. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki moja bila kula. Wale wadogo kabisa ndio wasioweza kungoja siku nyingi. Kwa siku nne, ningeweza kumwacha bila kitu. Lakini mtoto hangelala. Basi tulifunga vikaratasi viwili, kila kimoja na chakula cha kumalizika kwa dakika mbili, kimoja cha Ijumaa na kimoja cha Jumamosi. Mtoto mwenyewe alivipeleka kwa mama jirani, akamwambia kwa heshima zote: “Mama, akiomba tena, usimsikilize.” Kopo lenye chakula kilichobaki nililificha kabatini. Jirani yangu ni mtu mwema sana, na hiyo ndiyo hatari.

Tulipanda boti asubuhi. Wenye haraka wanachukua ile ya mwendo wa kasi, masaa kama matatu. Wenye mizigo wanapenda ile kubwa ya usiku. Bukavu ukiiacha kwa maji ndipo unaona namna ilivyokaa, rasi zake tano zimeingia ndani ya ziwa kama vidole vya mkono. Baadaye Idjwi inakuwa pembeni kwa muda mrefu, mashamba yake yakipanda mlima. Tulikuta wavuvi wakirudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa, nguzo ndefu mbele na nyuma, taa zimezimwa.

Mtoto akauliza kama samaki wanaishi mpaka chini kabisa. Hapana. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini chini kule kumejaa gesi na hakuna hewa ya kupumua. Samaki wanakaa juu tu, katika karibu mita 60 za kwanza. Alifikiri kidogo, akasema, “Kama wangu.” Hata sambaza tunazozipanga sokoni si wenyeji. Zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ndugu za ndagala za Uvira, kwa kuwa Kivu ilikuwa na samaki wachache.

Mama aliyekaa karibu nasi alicheka. “Si mngemwachilia ziwani tu, akae na wenzake?” Wengi wanafikiri hivyo wanapochoka kufuga, nami nilimjibu kwamba tusijaribu. Sambaza zimetulisha, ni kweli, lakini si kila mgeni ni sambaza. Huyu wa dhahabu ni wa ukoo wa samaki wa Asia wanaoitwa kapu, anachimba matope kutafuta chakula. Huko Australia na Amerika ya Kaskazini, waliotupwa mitoni na maziwani wamekua kupita kilo moja na kuharibu makao ya samaki wa pale. Asiyeweza kumfuga tena ampe mtu mwingine.

Goma ilikuwa Goma: mawe meusi ya volkano, vumbi, chukudu zikishuka na viazi, na ndoa ya kwetu yenye maneno mengi mbele ya mbuzi kukubaliwa. Jumamosi jioni mtoto aliomba simu. Mama jirani akamjibu kwamba karatasi ya pili imefunguliwa, na samaki bado anaomba, naye hamsikilizi.

Jumapili tulifika giza likianza. Mtoto alikimbia mbele yangu na begi likimpiga mgongoni. Samaki alikuwa akizunguka kama kawaida, maji yamepata ukungu kidogo, kwa hiyo Jumatatu tulibadilisha robo tena. Mama jirani tulimletea jibini ya Masisi. Mwezi ujao yeye anakwenda Uvira kwa wiki moja, na ana kuku watatu na sungura. Kitinda mimba wangu amekwisha kuomba kazi hiyo, na anataka vikaratasi.