Maji yalitoka chini

Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na madoa ya unyevu, na mtoto wetu mdogo alikohoa kila usiku. Hapa Ubundu mvua ni nyingi, basi tulilaumu mabati. Pesa ya likelemba ilikuwa tayari kwa kununua mapya.

Kwanza tukatazama vizuri: juu pakavu, chini pamelowa. Tukabandika kipande cha plastiki ukutani kwa siku mbili. Matone yakatokea upande wa ukuta, si upande wa chumba. Kumbe haukuwa mvuke wa kupika.

Nje, maji ya paa yalisimama penye msingi. Tukachimba mfereji kwa jembe. Ukuta unakauka polepole. Mtoto analala chumba kingine. Wamama, tutazame kabla ya kununua.