Dondoo za Nesi: "Jina la mtoto halionekani"

Mama, ukiambiwa hivyo kliniki, usikate tamaa. Programu ya kwenye kompyuta yetu inaweza kufunguka vizuri kabisa, kumbe haijafika kwenye kanzidata, yaani kule kwenye seva taarifa zinakotunzwa. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya kupokea mtu, natafuta namba ya mtoto ambaye najua tulishamwandikisha. Ikija, tumeunganishwa. Isipokuja, tunamwita fundi, huku tunaandika kwenye rejista ya karatasi.

Kwa hiyo jina kutoonekana si ushahidi kwamba mwanao hajachanjwa. Ushahidi unao wewe: kadi. Ipige picha leo, kurasa zote. Na ile chanjo ya surua, miezi 9 na miezi 18, isikwame kisa mtandao. Omba uandikiwe kwenye kadi kabla hujaondoka, sawa?